Samaki wa Kuanza Naye: Usimchague kwa Macho Peke Yake

Miongoni mwa barua za wiki hii imo moja ya mwanafunzi wa shule ya upili anayeishi Otonglo, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, ukishaupita uwanja wa ndege. Mjomba wake ni fundi wa vioo, naye amemtengenezea tangi la kufugia samaki lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30. Kijana huyu anasema haoni haja ya kununua samaki mjini ilhali ziwa liko karibu. Amepanga kutia humo mtoto wa kamongo, mumi wawili, ngege kumi wadogo, na samaki wa dhahabu wawili ambao rafiki yake yuko tayari kumpa. Anauliza, je, wataishi pamoja kwa amani?

Jibu fupi ni kwamba hawataishi. Na hata kama wangepatana, tangi hilo halimtoshi yeyote kati yao akishakua.

Tumeona heri tulijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu si lake peke yake. Katika nyumba nyingi za mijini tangi la samaki hununuliwa Jumamosi kwa shangwe, na kufikia mwisho wa mwezi limewekwa juu ya kabati likiwa kavu. Samaki wamekufa, watoto wamelia, na baba ameapa kwamba hatarudia tena. Aghalabu watu husema samaki ni wagumu kufuga. Si kweli. Mara nyingi waliokufa walikuwa wamechaguliwa vibaya tangu siku ya kwanza. Walichaguliwa kwa rangi, kwa bei, au kwa kuwa walikuwa wadogo na wa kupendeza siku hiyo.

Anayeanza anapaswa kujiuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa mfukoni. Samaki huyu atakuwa na ukubwa gani akikomaa? Anapenda maji ya namna gani? Na anaishije na wenzake? Rangi ni jambo la nne.

PIMA TANGI KWANZA

Chukua urefu, upana na kina kwa sentimita, uzidishe, kisha ugawe kwa 1,000. Utapata lita. Tangi la kijana wetu ni lita 54. Ukitoa nafasi ya changarawe, mawe na pengo la juu, maji yatakayobaki ni lita 45 hivi. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo likijaa, pamoja na kioo na changarawe, litapita kilo 60. Kwa hivyo liwekwe juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani, maana jua huotesha ukijani majini.

Sasa kwa samaki wadogo, anayeanza akadirie lita mbili za maji kwa kila sentimita moja ya samaki, akihesabu urefu wa samaki aliyekomaa na si wa yule anayemwona dukani. Lita 45 zinatosha basi samaki wenye jumla ya sentimita 22 hivi. Hao ni kama samaki sita wenye urefu wa sentimita tatu au nne. Si wengi, lakini watakuwa hai.

Usidhani kwamba kwa hesabu hiyo unaweza kuweka samaki mmoja wa sentimita 22. Wanafunzi wa hesabu wataelewa upesi: samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka takriban mara nane, kwa kuwa anapanuka na kunenepa pia. Uchafu wake na haja yake ya hewa huongezeka pamoja na uzito huo.

SAMAKI WA ZIWANI

Kamongo ni samaki wa ajabu. Ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, na ziwa likikauka pembeni huweza kujifukia matopeni akangoja mvua. Lakini huweza kufikia urefu wa karibu mita mbili, na meno yake hukata vidole sawasawa na yanavyokata samaki wenziwe. Mumi naye hupita mita moja, hula chochote kinachoingia kinywani mwake, na usiku huruka nje ya tangi lisilo na kifuniko. Ngege wanaouzwa siku hizi, ambao wenyeji wengine huwaita nyamami, hupita nusu mita, huchimbua changarawe na kung'oa mimea. Mbuta tusimtaje. Omena ni mdogo wa kutosha, lakini amezoea kuogelea kwa makundi makubwa kwenye maji mapana, na hafi polepole ukimkamata. Atakufa kabla hujafika nyumbani.

Lipo hata hivyo kundi moja la samaki wa ziwa hili ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulilipia pesa nyingi. Ni fulu, wale samaki wadogo ambao watoto wa ufuoni huwavua kwa ndoana na kuwaona si kitu. Wengi wao hawapiti sentimita 15. Madume wana rangi nyekundu, za manjano na za buluu, na majike wa aina nyingi huatamia mayai yao kinywani hadi watoto waweze kuogelea. Mmoja wao, anayepatikana upande wa Mwanza, aliandikwa na wataalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Anafugwa leo katika matangi ya watu wengi ambao hawajawahi kuliona Ziwa Viktoria.

Basi kwa nini tusimwambie kijana wetu aanze na fulu? Kwa sababu ni wagomvi. Dume hujitwalia sehemu yake na kumfukuza kila anayekaribia, na katika tangi la lita 54 anayefukuzwa hana pa kukimbilia. Fulu wanahitaji tangi la lita 200 au zaidi, mawe ya kujifichia, na dume mmoja kwa majike kadhaa. Ukichanganya aina zinazokaribiana, huzaana na kuleta machotara. Fulu ni samaki wa mwaka wa pili au wa tatu wa ufugaji. Atakayefika hapo na kutaka kuwatoa ziwani, amwendee kwanza ofisa wa uvuvi aulize masharti ya leseni.

Kuna sababu nyingine ya kutochota kitu ufuoni. Konokono wadogo wanaoshikilia magugu ya kandokando ya ziwa ndio wanaobeba kichocho, ambacho wengi hukiita bilhazia. Vijidudu vyake hutoka katika konokono hao, vikaelea majini na kupenya ngozi ya mtu. Anayesimama majini kukusanya mimea ya tangi anajihatarisha, na anayeileta nyumbani pamoja na konokono wake anailetea hatari familia yake. Mimea na maji ya tangi yasitoke ziwani.

WA DUKANI WASIOFAA

Tukienda dukani, wa kwanza kuvutia macho ni samaki wa dhahabu. Wachina wamemzalisha kwa zaidi ya miaka 1,000, na ni samaki mzuri kwa mwenye kidimbwi uani. Lakini yule wa kawaida hufikia sentimita 20 na zaidi, hutoa uchafu mwingi, na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 10. Bakuli la duara tunaloliona kwenye picha humuua polepole. Anayesema kwamba samaki hukua kulingana na bakuli anasema nusu ya ukweli: samaki hudumaa kwa sababu maji yamechafuka, kisha hufa kabla ya wakati wake.

Oska naye huuzwa akiwa na urefu wa kidole, akapita sentimita 30, na hula wenzake wadogo. Halafu kuna yule samaki mweusi wa kunyonya vioo, anayeitwa pleko. Muuzaji atakwambia kwamba anasafisha tangi. Hatakwambia kwamba pleko wa kawaida huweza kupita sentimita 40, na kwamba kinyesi chake ni kingi kuliko ukijani anaoula. Kazi ya kusafisha tangi ni yako.

WANAOMFAA ANAYEANZA

Gapi ndiye tunayempendekeza kwanza. Jina lake latokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad mwaka 1866. Dume ana urefu wa sentimita tatu hivi na mkia kama kitambaa cha rangi. Hali sana, hana ugomvi, na hupenda viluwiluwi vya mbu. Tatizo lake ni uzazi. Gapi huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki nne hivi, na jike aliyewahi kukutana na dume huweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume. Ukinunua dume mmoja na majike wawili, baada ya miezi michache utakuwa ukiwabembeleza majirani wachukue. Anayeanza anunue madume sita peke yao.

Plati ni jamaa wa gapi kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, mnene kidogo, wa rangi nyekundu au ya chungwa, mwenye urefu wa sentimita tano au sita. Naye huzaa sana, kwa hivyo shauri ni lile lile. Wanne wanatosha tangi la lita 54.

Danio wa milia anatoka India na nchi za jirani yake. Ni mwembamba, wa sentimita nne hivi, na huwa mbioni mchana kutwa. Huvumilia maji ya baridi kuliko wengine, na ndiyo maana twampendekeza kwa wasomaji wetu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret. Asifugwe peke yake, nunua sita. Tena funika tangi, maana huruka.

Beta kutoka Thailandi ni samaki wa mtu mwenye nafasi ndogo. Pamoja na matamvua yake huvuta hewa ya juu ya maji, hivyo hahitaji pampu yenye nguvu. Lakini madume wawili wakikutana hupigana hadi mmoja aumie au afe. Dume mmoja, katika tangi la lita 20 lenye maji ya vuguvugu, atamfaa mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja. Asiwekwe na gapi, kwa kuwa mikia yao mirefu humkumbusha maadui zake.

Kijana wetu wa Otonglo achague kundi moja tu kati ya haya, asiyachanganye yote kwa pamoja.

MAJI YAKO NI YA NAMNA GANI?

Ni rahisi kumtafuta samaki anayelingana na maji ya nyumbani kwako kuliko kuyabadilisha maji yamfae samaki. Nawa mikono kwa sabuni. Ikiwa povu halitoki upesi, maji yako ni magumu, yaani yana chumvichumvi nyingi za ardhini, kama yalivyo maji ya visima vingi. Hayo yanawafaa gapi na plati. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati ni mepesi mno, hayana chumvi hizo, na si vyema kuyatumia peke yake. Yachanganye na ya kisima. Maji ya mfereji hutiwa klorini ya kuua vijidudu, nayo huchoma matamvua ya samaki. Yaache ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Kuhusu joto, wakazi wa kandokando ya ziwa wana bahati. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30 takriban mwaka mzima, na maji yaliyo ndani ya nyumba hayapoi sana usiku. Nunua kipimajoto kidogo. Yakikaa kati ya nyuzi 23 na 27, gapi, plati na beta hawahitaji hita. Nairobi mwezi wa Julai ni habari nyingine. Huko nunua hita au uchague danio.

Na stima je? Ikipotea, pampu na chujio husimama. Tangi lenye samaki wachache litavumilia saa kadhaa, lakini lililojaa samaki halitavumilia. Usiwalishe wakati huo, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe kisafi uyamimine kutoka juu ili yapate hewa.

NGOJA TANGI LIKOMAE

Hapa ndipo wengi huanguka. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya chujio na juu ya changarawe, nao huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka wakatosha. Tangi jipya linalong'aa halina bakteria hao. Ukitia samaki kumi siku ya kwanza, watazama katika uchafu wao wenyewe usioonekana kwa macho.

Dawa yake ni subira. Endesha chujio kwa wiki nne hivi, ukitia punje chache za chakula cha samaki kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria. Ukimjua mfugaji ambaye samaki wake wana afya, mwombe kipande cha sponji yake kuukuu. Kitakuokolea wiki kadhaa. Halafu anza na samaki wawili au watatu. Wakiwa wazima baada ya wiki mbili, ongeza wengine. Haba na haba hujaza kibaba.

Baada ya hapo kazi ya kila wiki ni kubadilisha robo ya maji. Sponji isisafishwe kwa maji ya mfereji, kwa kuwa klorini itaua bakteria wako wote; ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Chakula kiwe kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mtoto mdogo asiachiwe mkebe.

UKIFIKA DUKANI

Simama ulitazame tangi lote kabla hujamnyoshea kidole samaki yeyote. Ukiona mmoja amekufa na hajatolewa, rudi nyumbani. Mwache samaki aliyekunja mapezi, mwenye tumbo lililobonyea, mwenye vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, au anayehema juu ya maji. Mwombe muuzaji amlishe ukiwa hapo. Asiyekula dukani hatakula kwako. Muulize pia maji yake anayatoa wapi, kisimani au kwenye mfereji.

Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, nenda na ndoo ndogo yenye kifuniko. Ukifika nyumbani usimmwage samaki tangini. Ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi ndani ya ndoo kila baada ya dakika chache, kwa muda wa nusu saa, ndipo umchote kwa kijiwavu.

USIMWAGE ZIWANI

Sasa tuje kwa jambo ambalo duka halitakuambia. Itafika siku utahama, utachoka, au gapi watazidi. Utajiambia, mbona nisiwapeleke ziwani wakawe huru?

Waluhya, Waluo na wengine wanaoishi kandokando ya ziwa hili wanajua gharama ya mgeni. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Viwanda vya minofu vilipata faida, lakini kati ya aina za fulu zinazokadiriwa kuwa 500, wataalamu waliona kwamba takriban 200 huenda zimetoweka. Ngege wa asili, yule wa zamani ambaye wazee humsifu kwa utamu, alisukumwa na wageni wengine wa jamii yake, akabaki katika maji machache kama Ziwa Kanyaboli kule Siaya.

Na gugu maji je? Lile gugu ambalo mwaka 1998 liliifunika Ghuba ya Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka, na ambalo hurudi hadi leo licha ya wadudu waliotiwa mwaka 1997 ili walile, ni mmea wa Amerika ya Kusini. Watu waliueneza duniani kwa sababu moja tu: una ua zuri la zambarau. Lilikuwa pambo la vidimbwi vya nyumbani, sawa na samaki wa tangini mwako.

Kwa hivyo samaki usiyemtaka asipelekwe ziwani, mtoni wala mtaroni. Mrudishe dukani, mpe mfugaji mwenzako, au uwape shule yenye tangi. Maji machafu ya tangi yamwagie mboga au maua shambani, yana mbolea. Mimea iliyozidi ianike juani hadi ikauke kabisa ndipo uitupe. Na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumchagua tangu mwanzo samaki ambaye tangi lako litamtosha hadi mwisho wa maisha yake.

Jumapili ijayo tutazungumzia chujio la kujitengenezea kwa chupa na sponji, kwa wale ambao bajeti yao ni ndogo. Hadi hapo, endesha tangi likiwa tupu, na usinunue samaki bado.